Kitendawili Hewani: Sikia, Andika, Fumbua

Jioni imeingia. Kazi za shamba zimekwisha na nyavu zimeanikwa. Redio iko juu ya kigoda, na watu wameizunguka. Mtangazaji anasema, "Kitendawili!" Watu wote wanajibu, "Tega!" Wanajua kwamba yeye hawasikii, lakini wanajibu tu. Kitendawili hakiendi bila kujibiwa.

Msomaji, umewahi kukaa katika kikundi kama hicho? Basi somo hili ni lako. Chukua daftari na kalamu ya risasi kabla hujaendelea. Humu mna mafumbo mengi, na mengine hayafumbuliki kwa kichwa peke yake. Yanataka mkono.

Mchezo wa zamani, chombo kipya

Vitendawili vilikuwapo kabla ya redio. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake hujibu, "Tega!" Akishatega, wao hufikiri na kujaribu. Wakishindwa, yeye hudai mji. "Nipeni mji!" Nao humtajia mji: "Tunakupa Bukoba." Pengine huukataa. "Bukoba nimeshakwenda, nipeni mwingine." Akiridhika na mji aliopewa, ndipo hutoa jibu. Wasukuma nao wana mwito wao. Mtegaji husema, "Kalagu!" na wenzake hujibu, "Kize!"

Nyumbani mchezo huu hauna haraka. Ukisahau swali, unaomba lirudiwe. Ukikosea, wanakucheka kidogo, kisha mnaendelea. Redio haina subira hiyo. Mtangazaji hutega mara moja, pengine mara mbili, kisha muziki unapigwa. Huwezi kumwambia, "Ndugu, hebu rudia." Wala jibu lako halimfikii kwa kupaza sauti. Zamani jibu lilikwenda kwa barua au kwa kadi ya posta. Siku hizi wengi hupiga simu, au hutuma ujumbe mfupi. Lakini hata ujumbe wa simu huandikwa.

Hapo ndipo penye jambo. Mtu asiyejua kuandika anaweza kuwa na jibu zuri kuliko wote kijijini, lakini jibu lake litaishia barazani. Au atamwomba mtoto wa shule amwandikie. Mtoto naye ataandika kama alivyosikia yeye, na mzee hawezi kuhakikisha kilichoandikwa. Bahasha itafungwa, nayo itakwenda na kosa ndani.

Watu wa kando ya ziwa na redio

Sisi wa pande hizi tumefahamiana na redio ya mafunzo siku nyingi. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, mkoa ambao sasa unaitwa Kagera. Makao ya mradi yalikuwa Mwanza, na shirika la UNESCO lilisaidia. Vitabu vyake vilifundisha herufi pamoja na kazi: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, ufugaji.

Wakati huo huo zilianza kampeni za redio. Mwaka 1969 kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua. Mwaka 1970, mwaka wa uchaguzi mkuu, kulikuwa na Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 ikaja kubwa kupita zote, Mtu ni Afya. Watu wapatao 2,000,000 nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na vijitabu vya kusoma vilikuwapo. Sikio lilifanya kazi, na jicho nalo likafanya kazi.

Redio yenyewe siku hizo ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Sasa kituo hicho ni TBC Taifa. Mwanza nako kuna vituo vyake, kama Radio Free Africa. Vituo vimeongezeka, lakini tabia ya redio ni ile ile: neno likishapita, limepita.

Mtego wa L na R

Tuseme mtangazaji ametega hivi:

"Tajiri haongezewi, maskini hapunguziwi. Hutolewa kwa siri, huhesabiwa mbele ya watu. Ukishaitoa, huirudishi mfukoni. Ni nini?"

Fikiri kidogo. Umepata? Katika kikundi wengi wamepata mara moja, nao wamelitaja jibu kwa sauti. Sasa wanaandika. Wa kwanza ameandika KURA. Wa pili ameandika KULA. Midomoni maneno yao yalikuwa sawa kabisa. Katika karatasi, huyu wa pili ameandika habari za ugali.

Kosa hili lina sababu. Kisukuma kinatumia sauti ya L, na R haimo. Kikurya ni kinyume chake, R ndiyo itawalayo. Mtu aliyekua na lugha ya mama yenye sauti moja hulisikia neno la Kiswahili kwa sikio la nyumbani kwao. Kwa hiyo usimcheke jirani yako. Lakini pia usikubali sikio likuandikie. Neno lenye L au R uliandike, ulitazame, ujiulize maana yake.

Jaribu haya. Jaza herufi moja, L au R, penye mstari:

1. Njoo na ka_amu, tutaandika barua.
2. Njoo na njaa yako, kuna ka_amu kwa jirani.
3. Wazee wamekaa ndani wanapatana maha_i ya binti.
4. Ukifika maha_i penye njia panda, shika kushoto.
5. Faha_i mmoja hutosha kwa kundi hili la ng'ombe.

Angalia namba 3 na namba 4. Mtu akikuletea habari kwamba shughuli imekwama "kwa sababu ya mahali," je, watu wamekosa pa kukaa, au ng'ombe hawajatimia? Huwezi kujua mpaka uone herufi.

Kama ulimi wako unakataa, ufanyishe mazoezi kwa sentensi hii. Sema polepole kwanza, kisha harakaharaka:

"Lori la Rorya lililala Lamadi, likarudi Rorya."

Darasa zima likisema pamoja, hakuna atakayebaki bila kucheka, na mwalimu naye atanaswa. Naona njia hii ni bora kuliko kukaripiana.

Mtego wa herufi moja na mtego wa namba

Kijana ametuma posa. Siku ya tatu mtoto anakuja mbio kutoka kwenye simu: "Wamesema mzee amekata shauri!" Nyumba nzima inafurahi. Mzee ameamua! Wanaanza kutafuta kuku wa kupeleka.

Lakini je, mtoto alisikia vizuri? Amekata shauri maana yake ameamua. Amekataa shauri maana yake hakukubali. Tofauti ni herufi A moja tu mwishoni. Mwenye kupokea habari kwa simu au kwa redio ni afadhali aulize, aandike, na asome tena alichoandika kabla ya kuchinja.

Namba nazo hutega. Sema kwa sauti: thelathini. Sema tena: themanini. Redio ikikoroma, mtu wa nyuma hawezi kuzitenganisha. Katika karatasi, 30 na 80 hazifanani hata kidogo. Tuseme bei ya kilo moja ya zao fulani imetangazwa. Wewe umesikia shilingi 30, kumbe ni 80. Tofauti kwa kilo moja ni shilingi 50. Kwa kilo 100 ni shilingi 5,000. Piga hesabu mwenyewe kwa kilo 400.

Mahali sikio linaposhinda

Tusilidharau sikio. Kuna mafumbo ambayo jicho haliyawezi. Soma sentensi hii kimya, kisha kwa sauti:

"Barabara ya Musoma imetengenezwa barabara."

Jicho linaona neno moja mara mbili. Sikio linasikia maneno mawili. Neno la kwanza tunakaza ba ya pili: ba-ra-BA-ra, yaani njia. Neno la mwisho tunakaza ra ya kwanza: ba-RA-ba-ra, yaani vizuri kabisa. Ukikosea kukaza, msikilizaji atashangaa. Huu ni mchezo mzuri wa redio, kwa sababu unahitaji sauti.

Yapo pia maneno ambayo hata sauti haibadiliki. Hayo hujulikana kwa maana tu. Kwa mfano: "Mama anapaa sato. Paa amekimbia porini. Mvua imevujia kwenye paa. Ndege inapaa." Hizo ni paa nne. Wa kwanza anatoa magamba ya samaki, wa pili ni mnyama, ya tatu ni ya nyumba, na ya nne ni kwenda juu. Kwetu hapa pamba nayo ina kazi mbili: hulimwa shambani, na wakati wa harusi humfanya bibi harusi apendeze.

Tega hiki kwa wenzako wa mbali: "Ninatoka nchi yenye maziwa, lakini sina hata ng'ombe mmoja." Watu wa Dodoma watahangaika. Wa Mwanza, Bukoba na Kigoma watacheka, kwa maana Victoria ni ziwa na Tanganyika ni ziwa.

Geuza nyuma iwe mbele

Pwani watu wana mchezo wanaouita kinyume. Wanachukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza, wakasemezana wao kwa wao, na mgeni asielewe kitu. Ninyi wanakisomo mchezo huu mnauweza kuliko wengi, kwa sababu mlijifunza kusoma kwa silabi: la, le, li, lo, lu. Maneno mengi yakigeuzwa hayana maana. Lakini machache yakigeuzwa yanakuwa maneno mapya, na hayo ndiyo yanayofaa kutegwa.

Mfano: LI-MA. Geuza. MA-LI. Mkulima yeyote atakuambia kwamba maneno haya mawili ni ndugu, ingawa kuna miaka ambayo mvua huwatenganisha.

Sasa jaribu wewe. Kila fumbo lina neno la silabi mbili. Andika neno, kisha ligeuze:

6. Nikiwa sawa, naogelea ziwani. Nikigeuzwa, natumbukiza vitu majini.
7. Nikiwa sawa, nimejaa sahani. Nikigeuzwa, sahani ni tupu.
8. Nikiwa sawa, navaliwa. Nikigeuzwa, nafukuza watu.
9. Nikiwa sawa, tunacheza mavumbini kutwa. Nikigeuzwa, ni amri ya mama kabla ya kula.
10. Nikiwa sawa, natafutwa mahakamani. Nikigeuzwa, nazungumzwa Kasulu.

Ya 6 ni rahisi kwa mvuvi. Ya 10 ni ngumu. Usikate tamaa mapema. Andika silabi mbili katika vipande viwili vya karatasi, uvisogeze kwa mkono. Mtu aliyeko mbele ya redio bila karatasi atajaribu kuzigeuza kichwani, zitamponyoka.

Kuna pia fumbo la kuongeza. "Nikiwa hivi, naleta samaki. Niongezee herufi moja mbele, nalowesha wavuvi." Neno ni VUA. Ongeza M: MVUA.

Aliyejificha ndani ya neno

Andika neno MTUMBWI. Sasa tazama vizuri. Mtumbwi hauendi peke yake. Nani yumo ndani? Funika herufi nne za mwisho kwa kidole. Umemwona? MTU.

Andika KITABU. Funika silabi ya kwanza. Imebaki nini? Wanakisomo wa mwezi wa kwanza hukubaliana na neno hilo. Wa mwaka wa pili hawakubaliani nalo tena, nadhani.

Andika MWALIMU. Ndani yake kuna chakula. Kitafute.

Mafumbo ya namna hii hayafumbuliki kwa sikio. Mtangazaji akiyatega, anawaambia wasikilizaji wachukue kalamu. Na hapa tunaweza kurudi kwenye ule mji wa kitendawili. Mtegaji akisema, "Nipeni mji," mpe mji wenye kitu ndani yake. Katika mikoa yetu majina hayo ni mengi:

11. Katika MUSOMA kuna kazi unayoifanya sasa hivi.
12. Katika KWIMBA kuna kazi ya kwaya.
13. Katika GEITA kuna kazi ya mtu anayetaka mwenzake aje.
14. Katika BUNDA kuna kazi ya fundi wa mitumbwi.
15. Katika NYAMAGANA kuna kitoweo.
16. Katika MWANZA kuna neno ambalo mwamuzi wa mbio huwaambia wakimbiaji.

Ukimaliza, chukua majina ya vijiji vya kwenu uyachunguze. Huenda kijiji chako kimeficha kitu miaka yote hii.

Namna ya kulikamata fumbo la redio

Usijaribu kuandika kila neno la mtangazaji. Utachelewa, na utakosa mwisho wa swali, ambao mara nyingi ndio wenye ufunguo. Andika maneno makubwa tu. Kwa mfano, akisema, "Mgeni alifika, tukamkaribisha vizuri, akawala wenyeji, akanenepa," wewe andika hivi:

MGENI – KARIBU – KULA WENYEJI – KUNENEPA

Hayo yanatosha. Muziki ukianza, una nafasi ya kufikiri. Kikundi kinaweza kugawana kazi: mmoja akamate mwanzo, mwingine mwisho. Kesho yake, shambani au ziwani, fumbo bado liko mfukoni mwako.

Ukipata jibu, andika kwa ufupi. Mtangazaji ana barua na ujumbe mwingi wa kusoma. Anza na salamu fupi, taja fumbo la siku gani, toa jibu, kisha jina lako na kijiji chako. Kama hivi:

"Ndugu Mtangazaji, salaam. Jibu la kitendawili cha Jumanne ni KURA. Ni mimi msikilizaji wenu," na hapo utie jina lako, kijiji na wilaya.

Kabla ya kutuma, isome barua kwa sauti mbele ya mtu mwingine. Yeye asikilize, nawe utazame. Jina lako nalo liangalie. Ni jambo la kusikitisha kushinda halafu jina likasomwa hewani kama la mtu mwingine.

Usiogope kutega mwenyewe. Vitendawili vingi vya redio hutoka kwa wasikilizaji. Tazama kilicho mbele yako kila siku, ukieleze bila kukitaja. Hivi vifuatavyo ni vya ziwani kwetu:

17. Kijiji changu huwaka taa usiku wa giza, mchana hakionekani.
18. Amesimama majini miaka mingi, amebeba mzigo kichwani, wala hautui.
19. Ndugu watatu wanakula katika sahani moja. Mmoja ameshika karibu nusu yake.
20. Mgeni alifika, tukamkaribisha vizuri. Akawala wenyeji, akanenepa.

Majibu

Usisome hapa kabla ya kujaribu.

1. kalamu. 2. karamu. 3. mahari. 4. mahali. 5. fahali. Hesabu ya kilo 400: tofauti ni shilingi 20,000.

6. sato, tosa. 7. wali, liwa. 8. shati, tisha. 9. wana, nawa. 10. haki, Kiha. Kiha ni lugha ya Waha wa Kigoma.

Katika KITABU kuna TABU, na katika MWALIMU kuna WALI. 11. soma. 12. imba. 13. ita. 14. unda. 15. nyama. 16. anza.

17. Taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu hufuata mwanga. Zamani taa zilikuwa karabai. Sasa wengi wanatumia taa za umeme wa jua au za betri.

18. Jiwe la Bismarck, pale ufukoni mwa jiji la Mwanza. Jina lilitoka kwa Wajerumani walipotawala. Jiwe lilikuwapo kabla yao.

19. Tanzania, Uganda na Kenya. Sahani ni Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Aliyeshika karibu nusu ni Tanzania. Kenya ana sehemu ndogo kuliko wote.

20. Sangara. Waliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamejaa kila mahali, na furu wa aina nyingi hawakuonekana tena. Kama uliandika jibu "mamba," hukukosea sana kwa habari ya kula, lakini mamba hakukaribishwa na mtu.